Vitenzi Imara Tuliviimba

Vijana wa Gatina, mkinipita pale kwa stendi ya boda mnaniambia, "Niaje shosho," na mimi nawajibu, "Poa," halafu mnarudi kwa simu zenu. Sina neno na hilo. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza, "Shosho, kwani wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa nafundisha vitenzi. Akacheka mpaka ikabidi ashike pikipiki isimwangukie. Basi leo kaeni hapa, mzime hizo simu, niwaambie ilikuwa kazi gani. Mimi si mtu wa kurudia.

Nilifundisha watu wazima Kiingereza jioni, na Kijerumani kidogo kwa waliokihitaji, tangu miaka michache baada ya uhuru mpaka magoti yalipoanza kunikataza. Darasa letu lilikuwa ukumbi wa kanisa hapa hapa Gatina, mabati juu, mabati pembeni, chini udongo. Ubao tuliutengeneza wenyewe kwa mbao, tukaupaka ule unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Wanafunzi wangu walikuwa wapishi na yaya wa Lavington, maaskari wa geti, akina mama wa mboga, mafundi. Mtu amefua nguo za wenyewe tangu asubuhi, anakuja na mikono imekunjamana kwa maji, halafu wewe umwimbie a, b, c kama mtoto wa nasari? Atakuangalia tu, na kesho hutamwona.

Mimi sikusomea ualimu. Nilitoka Maragoli na shule ya msingi tu kichwani, nikaandikwa kazi ya nyumba kwa mjane mmoja Mjerumani kule Lavington. Wafanyakazi wote wa mitaa ile walikuwa wakisema "memsabu." Yeye alilikataa neno hilo siku ya kwanza, akasema aitwe kwa jina lake, na mimi kwa adabu ya kwetu nikamwita Mama Gerda. Alikuwa amefundisha lugha maisha yake yote huko kwao, na kustaafu kulikuwa kumemshinda. Akikosa mtu wa kumfundisha alinifundisha mimi. Tunamenya viazi, ananifundisha. Tunapanga vyombo, ananifundisha. Nikikosea, anagonga meza na kijiko, si kwa hasira, ila alikuwa na mkono usiotulia.

Yeye ndiye aliyeniambia habari za vitenzi imara na vitenzi dhaifu. Alisema Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, na zile lugha za kaskazini kwenye theluji, zote ni watoto wa nyumba moja, na katika nyumba hiyo vitenzi viko vya aina mbili. Kuna vitenzi dhaifu. Hivi ukitaka kusema jambo la jana, unavifunga mkia tu. Cook, ukipika jana, cooked. Kwao, kochen, kochte. Ukishaujua mkia umevijua karibu vyote, maana viko maelfu na vyote vinatii. Vinaitwa dhaifu kwa sababu haviwezi kwenda jana kwa miguu yao wenyewe, lazima vishikwe na mkia. Halafu kuna vitenzi imara. Hivyo havitaki mkia wa mtu. Vinajigeuza ndani, tumboni kabisa. Drink, drank, drunk. Trinken, trank, getrunken. Vilifika jana vyenyewe, akasema, ndiyo maana vikaitwa imara.

Nikamuuliza kanuni yake ni ipi, nikiisha kuijua nipumzike. Akacheka. Aliniambia zamani sana ilikuwepo, lakini imevunjika vunjika kwa kutumiwa na watu wengi, na sasa kilichobaki ni kuvijua kimoja kimoja. "Mtoto wa kwetu anavipata mdomoni mwa mama yake," aliniambia. "Wewe, Jerida, mama yako hakuwa na hivi. Utafute njia nyingine."

Kuna jambo jingine alilonionyesha, na nimelibeba mpaka leo. Alisema hakuna kitenzi imara kipya kinachozaliwa, au labda kimoja kwa bahati. Wazungu walipoleta simu, kitenzi chake kikawa dhaifu. Walipoleta gari, kuegesha kukawa dhaifu. Kila cha kisasa kinafungwa mkia. Vilivyo imara ni vile vya zamani, vya watu waliokaa jikoni na shambani: kula, kunywa, kuona, kutoa, kuja, kuketi, kusimama, kuimba. Na vinapungua. Help ya Waingereza zamani ilikuwa imara, wakaichosha, ikafungwa mkia kama nyingine. Wajerumani hiyo wanayo bado: helfen, half, geholfen. Mama Gerda alilisema hilo la kupungua kama mtu anayesema habari za majirani waliohama, na mimi nilimhurumia.

Alipokuwa amezeeka sana jamaa zake walimchukua kwao. Watu wa kanisa wakasikia kwamba ninajua Kiingereza cha kitabu, wakanipa ukumbi jioni.

Wiki ya kwanza niliandika orodha ndefu ubaoni. Askari mmoja wa geti anaitwa Shisia, Mluhya mwenzangu, mtu wa maneno mengi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tunasema naimba, niliimba, nimeimba. Hiyo imba iko pale pale, hakuna mtu ameigusa. Hawa watu kwa nini wanaingiza mkono kwa tumbo ya neno?"

Darasa likacheka, lakini lilikuwa swali la haki. Sisi wakati tunauweka mbele, tunaacha shina lipumzike. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia avunje neno katikati, anaona kama unamwambia aharibu kitu cha mwenyewe. Ndiyo maana wote walikimbilia mkia. Shisia mwenyewe alimwambia tajiri wake kwamba mbwa "eated" suruali ya mwizi. Nikawapigia kelele juu ya vitenzi imara mwezi mzima, basi wakaanza kuvunja kila kitu. Wambui, mama wa mboga, alikuja na "blink, blank, blunk" na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri. Nikamwambia, mama, hicho ni dhaifu, kifunge mkia tu. Akaniambia, "Mwalimu, si ungetuambia mapema ni gani yako na mkia kabla tuchoke?" Na kumwambia mapema ndiko hakukuwezekana. Huwezi kujua kwa kutazama.

Sasa niwaambie habari za Owuor.

Owuor alikuwa fundi wa mbao. Karakana yake ilikuwa pale stendi ya Kawangware 46, kibanda cha mabati na harufu ya msonobari, na nyumba yake ilikuwa Kibera, Soweto West, chumba kimoja, yeye na mkewe tuliyemwita Mama Auma. Alikuwa Mjaluo, mtu wa ziwani, mrefu, mpole, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio hata akiwa amevaa koti la Jumapili. Alikuja darasani kwa sababu Wajerumani fulani wa Lavington walikuwa wakimpa kazi ya makabati, na wakisimama mbele ya kazi yake walizungumza kwa lugha yao. "Nataka wakisema kabati yangu ni mbaya, nijue," aliniambia. "Na wakisema ni nzuri pia nijue." Nikamuuliza kama si afadhali asijue. Akasema mtu akisimama mbele ya kitu ulichotengeneza, unataka kusikia.

Jioni moja ya masika mvua ilipiga mabati hadi sauti yangu ikapotea. Nilikuwa nasema "give, gave, given" na hata waliokaa mbele walikuwa wanasoma midomo. Nikaweka chaki chini, nikafikiri tumalize tu. Owuor akaanza kugonga benchi na kiganja, polepole, halafu akaimba vile vitenzi vilivyokuwa ubaoni. Sauti yake ilikuwa nzito na ilipita chini ya mvua. Eat, ate, eaten. Drink, drank, drunk. Give, gave, given. Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena, na mahali pamoja anaacha kabisa, kimya, mapigo kadhaa, halafu anaanza upya. Wambui akashika. Shisia akashika. Mvua ilipokatika, darasa zima lilikuwa linavijua vile vitenzi, na mimi nilikuwa nimevipigania kwa miezi.

Nikamuuliza wimbo ni wa nini. Akasema ni wa mama yake, alikuwa akiuimba akisaga mtama kwa jiwe, yeye na kaka yake mkubwa wakiwa watoto. "Maneno ya kwake nimeyasahau mengi," akasema. "Tuni haijatoka." Nilidhani kile kimya cha katikati ni cha kuvuta pumzi, nikawaambia wanafunzi wapumue hapo.

Kuanzia siku hiyo kila kitenzi imara kilichoingia darasani kilipata nafasi yake katika ule wimbo. Vitenzi dhaifu hatukuviimba. Havikuhitaji. Ukisahau cooked, unaitengeneza upya pale pale, lakini ukisahau drank hakuna mahali pa kuitafuta isipokuwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu inashika wimbo. Nyinyi mnaofundisha wadogo zenu, hilo nawapa bure: kanuni ifundisheni kwa maelezo, lakini kitu kisicho na kanuni kitieni mdomoni mpaka mdomo wenyewe ukijue. Wajanja wengi wamefeli hapo kwa kutafuta sababu mahali ambapo hakuna.

Siku moja Owuor aliniuliza kufa kuko upande gani. Nikamwambia kwa Kijerumani ni imara, sterben, starb, gestorben, lakini kwa Kiingereza kuna mkia, died. Akafikiri. "Basi kwa wimbo wetu haiingii," akasema. "Afadhali."

Siku hiyo ndipo alinieleza kwa nini haendi kwao. Mama yake alikufa yeye akiwa mbali, kwenye kazi ya kuezeka shule huko upande wa Garissa. Siku zile habari za kifo zilitangazwa redioni, na kule walikokuwa hakukuwa na redio. Aliporudi Nairobi alikuta habari kwamba mama ameshazikwa. Akapanda basi hapo hapo. Kaka yake, Omollo, alimsimamisha langoni, akamwambia mtoto ambaye hakumzika mama yake asiingie katika boma la mama yake. Owuor aligeuka akarudi. Hakulia aliponiambia, alikuwa anachonga penseli kwa kisu, na aliichonga mpaka ikabaki kipande.  Niliumia sana.

Halafu Owuor akafa. Kifua kilimshika wakati wa baridi ya mwezi wa saba, akasema ni vumbi la mbao, akaenda hospitali siku ambayo ilikuwa imechelewa. Nilipata habari kutoka kwa Wambui, aliyeisikia sokoni, nikaketi chini pale pale kando ya magunia yake.

Mama Auma alikuja kwangu Gatina kwa miguu kutoka Kibera. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, wanataka kumzika Lang'ata."

Vijana, nyinyi mliozaliwa hapa labda hamwoni uzito wake. Kwa watu wa ziwani siku zile, kuzikwa kwenye makaburi ya jiji wakati una boma lenu ilikuwa ni kuambiwa kwamba hukuwa wa mtu yeyote. Mama Auma alinieleza yote akiwa amesimama mlangoni. Shemeji yake Omollo amekuja, ametumwa na ukoo. Anakaa kwenye kiti kila jioni ya matanga, hanywi hata chai. Amesema Owuor aliacha kwao, hakumzika mama, hakuwa na kanisa, hakuwa na watu, kwa hiyo jiji limzike. Kesho jioni atasema neno lake la mwisho.

"Hapo mtaani kila marehemu ana watu wake wanaokuja matanga kila jioni," alisema. "Kwaya, watu wa kazini, watu wa kwao. Wa Owuor ni majirani tu. Watu wake ni nyinyi. Mje mkasimame mbele ya shemeji."

Nikamwambia tutakuja. Hapo akaketi, akalia, nami nikalia naye.

Kesho yake niliwakusanya wote karakana kwa Owuor, mlango ukiwa umefungwa. Desturi ya matanga mnaijua, kila kundi linalokuja linasimama na kuimba kabla ya kusema neno. Swali likawa tutaimba nini. Sisi tulikuwa makanisa tofauti, na kila kanisa na nyimbo zake. Wambui aliimba za Kikikuyu, mimi na Shisia za Kimaragoli, wengine za Kikamba, mmoja alikuwa Mwislamu. Tulijaribu wimbo mmoja wa Kiswahili ukavunjika ubeti wa pili.

Wambui akasema, "Wimbo ambao tunaujua sisi sote ni moja tu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia tutasimamaje mbele ya ndugu wa marehemu tukiimba eat, ate, eaten? Watasema tumekuja kufanya mchezo. Omollo atapata sababu nyingine, na Mama Auma ataaibika mbele ya ukoo wa mume wake. Nilikuwa mkali, na nilikuwa na hofu kweli.

Shisia, ambaye sijawahi kumwona akikosa utani, alivua kofia yake ya uaskari. "Mwalimu, hii wimbo ni ya mama yake," akasema. "Sisi tuliikuta tu."

Nikafungua mlango wa karakana. Tukashuka kwenda Kibera, njia ile ile aliyokuwa akiipita Owuor kila jioni.

Nyumba ya Owuor ilikuwa ndani ndani Soweto West, na watu walikuwa wameketi nje kwenye mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe. Jua lilikuwa bado halijatua. Omollo alikuwa kwenye kiti peke yake, mzee mwenye mabega ya ndugu yake, fimbo kati ya magoti. Majirani walipotupisha, nilimsalimia nikasema sisi ni darasa la jioni, Owuor alisoma nasi miaka mingi, tumekuja kusimama naye. Akaitikia kwa kichwa. Hakutuangalia.

Nikamtazama Wambui. Yeye ndiye aliyeanza.

Eat, ate, eaten. Drink, drank, drunk. Tuliimba chini chini kama siku ile ya mvua. Kijana mmoja nyuma akacheka, mtu akamnyamazisha. Give, gave, given. Come, came, come. Shisia alikuwa anapiga kiganja kwenye paja. Mama Auma alikuwa amefunika uso kwa kitambaa, sikujua kama ni kilio au ni aibu. Tukafika pale katikati, tukanyamaza kama tulivyozoea, mapigo kadhaa, kisha see, saw, seen, na sit, sat, sat, na stand, stood, stood.

Omollo aliinua mkono. Tukaacha.

"Huo wimbo mmeutoa wapi?"

"Ni wa Owuor, jaduong'," nikasema. Nilimwita hivyo kama wanavyowaita wazee wao. "Alitufundisha. Sisi tulikuwa tunatia masomo yetu ndani."

"Imbeni tena."

Tukaimba tena. Tulipofika kwenye kimya, yeye alitoa mkono kwenye fimbo, akakunja kiganja, akakisogeza hewani kutoka mbele kuja kwake, mara moja, mara mbili. Tukaendelea. Mkono ukarudi kwenye fimbo.

"Nani aliwaambia mnyamaze hapo?"

"Owuor," nikasema. "Nilidhani ni pa kupumua."

"Si pa kupumua," Omollo akasema. Alisema kwa Kiswahili ili sote tusikie. "Hapo mama alikuwa anakusanya unga kwa mkono. Jiwe linanyamaza, anakusanya unga, halafu anaanza." Akaitazama fimbo yake. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau hapo."

 Yule mzee aliinama juu ya fimbo yake akalia mbele ya watu wote, na Mama Auma akaenda akapiga magoti kando ya kiti chake. Omollo alipoinua uso alimwambia, "Nyarwa, binti wa kwetu, tutafute gari. Ndugu yangu haendi Lang'ata." Kisha akaomba chai.

Nilikwenda na msafara. Darasa zima halingeweza, watu walikuwa na kazi, lakini mimi, Wambui na Shisia tulikwenda, safari ya siku nzima kupita Kisumu, tukimlinda Owuor aliyelala katika jeneza lililotengenezwa na mafundi wenzake wa Kawangware 46. Lango lile alilosimamishwa lilikuwa limeng'olewa mhimili mmoja ili gari lipite. Omollo ndiye aliyeling'oa, kwa mikono yake, watu wakitazama.

Siku ya kuzika, Omollo alitusimamisha karibu na kaburi, akatuomba tuimbe. Tukaimba vitenzi vyetu watu watatu, katika upepo, mbele ya ukoo ambao haukututambua. Na kutoka upande wa jikoni nikasikia sauti nyingine. Walikuwa akina mama wazee wa boma, wale waliokuwa wakisaga na mama yake Owuor, wanaimba pamoja nasi kwa maneno ya asili, yale aliyoyasahau. Tulipofika kwenye kimya, wote tulinyamaza pamoja, na niliona mikono yao ikikusanya.

Niliendelea kufundisha miaka mingi baada ya hapo, Gatina na baadaye Kibera pia, katika chumba ambacho Mama Auma alitutafutia. Kila aliyepita kwangu alivijifunza vitenzi imara kwa wimbo ule, na kila mmoja nilimwambia kile kimya cha katikati ni cha nini. Wengine walikwenda mbali, wengine walikwenda Ujerumani kwenyewe. Siku hizi naambiwa simu inaweza kukwambia kitenzi chochote ukiiuliza. Sawa, iulizeni.

Lakini niwaambie la siku ile, halafu mwende na pikipiki zenu. Tulipomaliza kuzika, bibi mmoja mzee sana, haoni vizuri, aliletwa kwangu kwa mkono. Aliniuliza kwa lugha yao, na Mama Auma akatafsiri: yale maneno ya kigeni tuliyotia ndani ya wimbo wao wa kusaga, yanasema nini?

Nikaona aibu tena, kama kule karakana. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia yanasema kula, kunywa, kutoa, kuja, kuona, kuketi, kusimama.

Bibi alisikiliza mpaka Mama Auma akamaliza. Kisha akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, mikono migumu ya jiwe, akatikisa kichwa polepole.

"Anasema," Mama Auma akaniambia, "basi ni yale yale."